Kuchagua shiti ya stenlesi: 201, 430, 304 au 316

Mtu akiingia duka la vyuma akasema tu "nataka shiti ya stenlesi", muuzaji anaweza kumpa chochote kinachong'aa na asiwe amemdanganya. Stenlesi ni ukoo mkubwa. Chuma chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 kinahesabiwa humo, na katika ukoo huo vimo vinavyovumilia upepo wa bahari miaka na miaka, na vimo vinavyotoa madoa kwa chumvi ya jikoni kabla mwaka haujaisha. Ukivipanga dukani, jicho halioni tofauti.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu nilitengeneza meza nne za kuparia samaki kwa mgahawa mmoja wa ufukweni Kigamboni. Nilinunua shiti nilizoambiwa ni 304 (namba hizi hutaja gredi, yaani aina ya stenlesi). Nikaweka sumaku, haikunasa, nikaridhika. Baada ya miezi minne mama mwenye mgahawa akanipigia simu: "Fundi, njoo uone meza zako." Nilipofika hakugomba. Alikata limau, akalikamulia juu ya meza, akafuta kwa kitambaa cheupe na kunipa kitambaa mkononi. Kilikuwa na rangi ya chai kavu. Kwenye pembe, pale maji ya samaki yanapotuama, palikuwa na vitobo vidogo kama vya ncha ya sindano, kila kimoja na mkia wake wa kutu ukishuka chini. Ile ilikuwa 201, na sumaku haijui kutofautisha 201 na 304. Meza zote nilizirudia kwa gharama yangu, safari hii kwa 316. Hatua ninazoziandika hapa ndizo ninazozifuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Jua kitu kitakachogusa bati

Kabla ya kuuliza bei, muulize mteja, au jiulize mwenyewe: bati hili litaguswa na nini kila siku? Chumvi? Maji ya limau au ukwaju? Moto? Jiki? Upepo wa bahari? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua gredi.

Sababu yake ni hii. Kromiamu iliyomo ndani ya chuma ikikutana na oksijeni hutengeneza utando mwembamba mno, wa nanomita chache tu, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe ilimradi oksijeni inafika. Adui wake mkubwa ni kloridi: chumvi ya bahari, chumvi ya jikoni, jiki, na mbaya kuliko zote, ile asidi ya kusafishia vigae. Kloridi hutoboa utando mahali padogo, na kikishapatikana kitobo, humo ndani hali inazidi kuwa kali na chuma kinaliwa kwenda chini badala ya kuliwa juu juu. Ndiyo maana kutu ya stenlesi huanza kama nukta, haianzi kama ukurutu mpana tuliouzoea kwenye chuma cha kawaida.

Pili, angalia mahali. Jiko la hoteli Arusha au Dodoma na jiko la hoteli Unguja si kazi moja hata kama michoro ni ile ile. Pwani, upepo wenyewe unabeba chumvi. Mimi kwa kazi yoyote ya nje iliyo ndani ya kilomita tano hivi kutoka baharini naanza hesabu na 316, na mteja akitaka kushuka ashuke akijua anachokiacha.

Hatua ya 2: Linganisha gredi

Anza na 304, kwa kuwa nyingine zote hupimwa kwake. Ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8, na ndiyo asili ya maandishi 18/8 unayoyaona nyuma ya vijiko na sufuria. Katika mfumo wa Ulaya inaandikwa 1.4301. Nikeli ndiyo inayoipa ulaini wa kukunjika bila kupasuka na uwezo wa kuchomelewa vizuri. Sinki, meza za jikoni, matangi ya maziwa, matangi ya asali, mashine ya kukamulia miwa, vyombo vya kutengenezea juisi na jamu: hizo zote ni kazi za 304. Asidi ya maziwa na ya matunda inaihimili. Inahimili pia magadi makali ya kusafishia matangi na asidi ya naitriki wanayotumia watu wa maziwa. Haihimili asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae, hata iwe imezimuliwa.

Nimeona sinki mpya za 304, zenye cheti halali, zikiota madoa ya kahawia kabla nyumba haijahamiwa. Fundi wa vigae alikuwa amesafisha sakafu kwa asidi, milango imefungwa, mvuke ukapanda ukatua juu ya sinki usiku kucha. Sinki haikuguswa na tone hata moja. Kama kazi ya vigae haijaisha, usifunge stenlesi. Kama imeshafungwa, ifunike kwa nailoni, fungua madirisha, na uioshe kwa maji mengi siku hiyo hiyo.

316 ni 304 iliyoongezwa nikeli kidogo (asilimia 10 na kuendelea) na molibdeni asilimia 2 hadi 3. Hiyo molibdeni ndiyo inayopigana na kloridi. Kanuni inayotumika sana kwa maji ya joto la kawaida ni kwamba 304 inafaa hadi kloridi miligramu 200 hivi kwa lita, na 316 hadi 1,000 hivi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo mwenye tangi apeleke maji yake yapimwe kwanza, ni gharama ndogo. Maji ya bahari yenyewe yana kloridi karibu miligramu 19,000 kwa lita. Kwa hiyo 316 inafaa kwa reli za baraza linalotazama bahari, meza za samaki, masanduku ya barafu, vifaa vya boti vinavyolowa na kuoshwa. Haifai kuzamishwa moja kwa moja katika maji ya bahari yenye joto kama ya kwetu, hasa penye mianya na vifuniko. Kazi ya namna hiyo inaitaka 2205, yenye kromiamu 22, nikeli 5 na molibdeni 3, ambayo pia ina nguvu karibu mara mbili ya 304.

Wazalishaji wa divai nao wana habari yao. Salfa wanayotia kuhifadhi divai hupanda kama gesi na kukaa juu ya tangi, mahali divai haifiki, na huko ndiko inakoila 304. Ndiyo maana matangi mengi ya divai yana sehemu ya juu ya 316 hata kama mwili ni 304. Mtu wa zabibu Dodoma anayetengenezewa tangi alitaje hili mapema.

430 haina nikeli. Ina kromiamu asilimia 16 hadi 18 tu, na sumaku inainasa vizuri. Watu huidharau kwa sababu ya sumaku, wakidhani ni feki. Si feki, ni stenlesi halali yenye kazi zake: paneli za friji, mashine za kuosha vyombo, kofia za moshi jikoni, mapambo ya ndani, kijiko kilichoandikwa 18/0. Ina faida mbili ambazo 304 haina. Kwanza, ikipata joto hutanuka kidogo: karibu maikromita 10 kwa kila mita kwa kila nyuzi ya selsiasi, wakati 304 inatanuka 17. Shiti ya 304 ya mita 2.44 ikiongezeka joto kwa nyuzi 60 hurefuka karibu milimita 2.5, na kama imebanwa pande zote inavimba katikati. Ya 430 haivimbi hivyo. Pili, majiko ya umeme wa sumaku yanaihitaji. Sufuria ya 304 tupu haipati moto juu ya jiko hilo mpaka iwekewe kitako kinachonasa sumaku. Udhaifu wake ni kulehemu, maana pembeni mwa mshono hukakamaa na kupasuka ukiikunja. Tumia ribiti, skrubu au mikunjo. Na usiipeleke pwani kwa kazi ya nje.

Sasa 201. Hii ilizaliwa Marekani miaka ya 1950, nikeli ilipokuwa adimu. Sehemu kubwa ya nikeli iliondolewa (ikabaki asilimia 3.5 hadi 5.5) na nafasi yake ikachukuliwa na manganizi, asilimia 5.5 hadi 7.5, pamoja na naitrojeni kidogo. Kwa hiyo hainasi sumaku, inang'aa kama 304, na ni ngumu zaidi. Lakini kwenye chumvi inashindwa mapema. Na zipo za jamii hiyo zenye nikeli karibu asilimia 1 tu na kromiamu iliyopunguzwa, hizo ndizo zinazoitwa J4 sokoni, na ni dhaifu zaidi. Sisemi 201 ni mbaya. Fremu ya kitanda, rafu za duka la nguo, mapambo ya ndani ya nyumba Mbeya au Nakuru, miguu ya meza: itakaa vizuri na mteja ataokoa fedha. Ubaya unaanza pale inapouzwa kwa jina la 304 kwa bei ya 304, na inapowekwa chini ya samaki.

Nyingine nazipitia haraka. 304L na 316L zina kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na zinafaa kwa kazi nene yenye kuchomelewa sana. Shiti nyingi za 304 za siku hizi cheti chake kinaonyesha zinatimiza na masharti ya 304L. 310, yenye kromiamu 25 na nikeli 20, ni ya tanuri na oveni: inavumilia nyuzi 1,100 hivi, wakati 304 mwisho wake wa salama kwa kazi ya mfululizo ni kama 900. Mtu anayetengeneza jiko la mkaa na kutaka kikapu cha moto kidumu asilaumu 304 ikimeguka magamba. 409 ni ya mabomba ya moshi ya magari. 420 ni ya visu, inakubali kutiwa makali na kukomazwa kwa moto, wala si bati la kutengenezea chombo.

Bei za 304 na 316 zinafuata nikeli, na nikeli ina vituko. Machi 2022, katika soko la metali la London, ilipita dola 100,000 kwa tani ndani ya siku moja mpaka biashara ikasimamishwa. Ukimpa mteja makadirio ya 304 au 316, andika idadi ya siku ambazo bei hiyo itasimama. Ya 430, isiyo na nikeli, haiyumbi sana kama hizo.

Hatua ya 3: Taja unene kwa milimita

Usinunue kwa geji, ile namba ya kutajia unene. Geji 18 ya Kiingereza ni milimita 1.22, ya Kimarekani kwa stenlesi ni 1.27, na katikati ya hizo mbili muuzaji mjanja anapata pa kujificha. Sema milimita, kisha pima kwa kifaa cha maikromita ndani kidogo kutoka ukingoni, maana ukingo uliokatwa kwa mkasi unakuwa na ncha inayodanganya.

Njia nyingine ninayoipenda ni mizani. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha unene kwa milimita, kisha 7.93, upate uzito kwa kilo. Shiti ya futi nne kwa nane, yaani mita 1.22 kwa 2.44, ya 304 yenye milimita 1.2, inapaswa kuwa na kilo 28.3. Ya milimita 1.0 ni kilo 23.6, ya 0.8 ni kilo 18.9. Ukiuziwa ya 1.2 na mizani ikasoma 25, umebeba shiti ya milimita 1.06. Kwa 430 tumia 7.7 badala ya 7.93.

Kwa sinki ya nyumbani 0.8 hadi 1.0 inatosha. Meza ya jiko la hoteli iwe 1.2, na chini yake weka ubao au mbavu ili isilie kama debe. Meza ya kukatia nyama, anza na 1.5.

Hatua ya 4: Chagua uso

2B ndio uso wa kijivu laini unaotoka kiwandani, na kwa chakula na maziwa ndio ninaoushauri: unasafishika na haubakizi uchafu. Namba 4 ni ule wenye mistari, unaficha mikwaruzo ya kila siku. BA unang'aa, na namba 8 ni kioo kabisa. Hizo ni za mapambo.

Pwani uso una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mistari mikali inashika chumvi, na 316 yenye uso wa kukwaruza inaweza kuota madoa mapema kuliko 316 laini. Ukitumia yenye mistari nje, ielekeze wima, mvua iweze kuosha.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kulipa

Leta sumaku, lakini ijue kazi yake. Ikinasa kwa nguvu katikati ya shiti, uko na 430 au ndugu zake. Isiponasa, uko na 201 au 304 au 316, hujui ipi. Ikinasa kidogo tu kwenye kona iliyokunjwa, usiogope: 304 ikikunjwa au kugongwa huanza kunasa.

Kutenganisha 201 na 304 kuna vichupa vya dawa vinavyouzwa pamoja na betri ya volti 9. Safisha mahali kwa msasa mpaka uone chuma kitupu, weka tone, gusisha betri kwa sekunde chache. Tone likigeuka jekundu, manganizi ni nyingi, hiyo ni ya jamii ya 200. Ipo pia dawa ya kutambua molibdeni kwa ajili ya 316. Daima fanya jaribio hilo sambamba na kipande unachokijua gredi yake, ili macho yako yawe na cha kulinganisha. Mimi natembea na vipande vitatu mfukoni, ukubwa wa kadi ya simu, vimechongwa namba.

Kwa oda kubwa dai cheti cha kiwanda. Humo utaona asilimia za kromiamu, nikeli, manganizi na kaboni, na namba ya mkupuo, yaani ya myeyusho mmoja wa chuma kiwandani. Namba hiyo lazima ilingane na ile iliyopigwa kwa wino kwenye shiti yenyewe. Maandishi yaliyo kwenye nailoni ya juu usiyahesabu, nailoni inabandikwa na yeyote. Na kama kazi ni tangi la mamilioni, lipa mtu mwenye mashine ya mionzi inayosoma madini: anaielekeza kwenye bati, na baada ya sekunde chache una jibu.

Hatua ya 6: Fanya kazi bila kuiharibu gredi uliyoilipia

Hapa ndipo shiti nzuri nyingi hufia. Cheche za grenda kutoka kwenye geti la chuma cha kawaida zikirukia sinki ya 304 iliyo jirani, kila cheche inabandika punje ya chuma, na kesho asubuhi punje zote zimeota kutu. Mteja ataapa umemuuzia feki. Tenga meza ya stenlesi, tenga diski, tenga brashi ya waya na iwe ya stenlesi. Usiburute shiti sakafuni.

Kutoboa: mwendo wa polepole, mkandamizo mzito, ncha kali ya kobalti, na mafuta. Ukiiacha ncha isugue bila kukata, bati linakomaa hapo hapo na hutapita tena. 201 ndiyo yenye hasira zaidi kwa hili, na ukiikunja hurudi nyuma kuliko 304, kwa hiyo ongeza pembe kidogo.

Kuchomelea: gesi safi ya argoni, moto mdogo, mshono mfupi mfupi ukiruka huku na kule ili bati lisipinde. Waya wa kujazia ni 308L kwa 304, 316L kwa 316, na 309L ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida. Kwenye tangi la chakula, jaza argoni na upande wa ndani, la sivyo mshono wa ndani utatoka mweusi wenye chembechembe ambazo maziwa yatajificha humo. Rangi ya bluu au nyeusi kando ya mshono maana yake kromiamu ya hapo imepungua juu juu, iondoe. Dawa ya kuiondolea ina asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi mpaka mfupani bila kuuma mwanzoni. Vaa glavu ndefu, miwani ya kufunika, fanya nje, uwe na jeli ya kalisi glukoneti karibu. Kama huna hivyo vyote, tumia msasa safi na uvumilivu. Na moshi wa kuchomelea stenlesi una kromiamu VI, inayosababisha saratani. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Weka feni ya kuvuta moshi, na vaa barakoa ya chujio.

Hatua ya 7: Kabidhi pamoja na maelekezo

Bandua nailoni yote. Ikikaa juani wiki kadhaa gundi yake inaganda. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha.

Mwambie mteja, au bora zaidi mwambie anayeosha vyombo, mambo matatu: stili waya isiguse stenlesi, atumie sponji na afuate mistari, jiki ikimwagika aioshe papo hapo, na sufuria ya maji ya chumvi isilale juu ya meza. Wa pwani aoshe reli zake za nje kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila wiki.

Ukirudi karakana, kabla hujafagia, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike gredi kwenye kila kipande kilichobaki. Unapokata, anza na upande usio na maandishi ya kiwanda ili yabaki kwenye kipande cha mwisho.